VAKANSE KU BRUXELLES: NAMNA YA KUTAZAMA MAKUMBUSHO NA NYUMBA ZA AJABU



Neno lililotufanya tushike kalamu ni hili. Jioni moja, nyuma ya chakula, kijana mmoja wa internati alituonyesha foto ambazo kaka yake alimtumia toka Bruxelles, mji mkubwa wa Ubelgiji. Kwenye foto moja huyo kaka amesimama chini ya mipira mikubwa ya chuma inayong'aa. Kwenye ingine amesimama ndani ya jumba kubwa, kando ya sanamu ya mti ya kwetu Kongo. Mara mabishano yakaanza. Mmoja akasema: "Ni kupoteza feza! Kuvuka bahari na kulipa tikiti juu ya kutazama kiti cha mkubwa wa kijiji?" Wa pili akasema: "Mkristo hana kazi ndani ya nyumba ya masanamu. Wazee wetu walizichoma moto, na wewe unakwenda kuzipigia foto?" Wa tatu akajibu: "Lakini ni zetu. Sababu gani tusizitazame?" Kengele ya kulala ikalia, na neno halikuisha.

Sisi wa darasa la sita tuliombwa kulimaliza katika gazeti hili. Hatujapanda ndege ya Ulaya, lakini mambo haya tumeyasoma katika somo la estetiki na la historia, na tunataka kuwagawia. Sisi tunaona kwamba wale watatu walibishana kama inafaa kutazama ao haifai, lakini hakuna aliyeuliza namna ya kutazama. Mtu akiingia jumba la makumbusho, ile watu wa mji wanaita mize, ao akisimama mbele ya nyumba ya ajabu, sharti aulize maulizo manne:

1. Kitu hiki kimefanywa na nini: mti, chuma, kioo, rangi?
2. Ni nani alikifanya?
3. Alikifanya kwa kazi gani?
4. Kimefika hapa kwa njia gani, na feza zilitoka wapi?

Basi tuchukue vakanse ya siku tatu ku Bruxelles, na maulizo haya mkononi.

SIKU YA KWANZA: NYUMBA ZA AJABU

Asubuhi tunapanda treni ya chini ya udongo mpaka Heysel. Pale kuko ile mipira ya chuma ya foto. Jina lake ni Atomium. Urefu wake ni metre 102. Ina mipira kenda, na kila mpira una upana wa metre 18. Mabomba makubwa yanaunga mpira na mpira, na watu wanapita ndani kwa ngazi.

Wale wa section ya kemia wataelewa upesi. Mhandisi André Waterkeyn alitaka kuonyesha namna atomu za chuma zinavyopangwa: nane kwenye pembe za sanduku, na moja katikati. Alikuza picha ile mara miliari 165. Wasanifu majengo wawili, André Polak na ndugu yake Jean, ndio walisaidia kuisimamisha. Ilijengwa kwa maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka wa 1958, na shauri lilikuwa isimame miezi sita tu, kisha ivunjwe. Watu waliipenda, ikabaki. Hapo kwanza ilivikwa aluminiamu, lakini ilipochakaa waliifanya upya, tangu 2004 mpaka 2006, na kuivika chuma kisichoshika kutu.

Maulizo matatu yamejibiwa. Tusisahau la nne: tuulize ni nini ingine ilionyeshwa kando ya Atomium mwaka ule. Kuko jibu lenye uchungu. Kwenye maonyesho yale walijenga kijiji cha Kongo, na watu wa Kongo, wanaume, wanawake na watoto, waliwekwa ndani wafanye kazi za mikono mbele ya macho ya watazamaji. Watazamaji wengine waliwatupia vyakula sawa vile mtu anatupia nyama wa mwitu. Watu wetu walikataa haya ile, wakarudi nyumbani mbele maonyesho hayajaisha. Miaka miwili tu ilipita, na tarehe 30 Juni 1960 inchi yetu ikapata uhuru. Mahali pamoja, mwaka mmoja: kwa mkono huu akili kubwa ya atomu, kwa mkono ule watu nyuma ya uzio. Mwenye kupiga foto ya mipira pasipo kujua hayo ameona nusu.

Mchana tunarudi mjini, mtaa wa Saint-Gilles, kwa nyumba ya Victor Horta. Alizaliwa mji wa Gent mwaka wa 1861, akafa Bruxelles mwaka wa 1947. Kwa nje nyumba yake si kubwa. Ajabu iko ndani.

Nyumba za Bruxelles za wakati ule zilikuwa nyembamba na ndefu, zimeshikana moja kwa moja. Vyumba vya mbele vilipata jua, vya nyuma vilipata kidogo, lakini katikati palikuwa giza. Kuta nene za matofali ndizo zilizobeba dari, kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kuzitoa. Horta alifanya hivi: alisimamisha nguzo nyembamba za chuma zibebe uzito, akafungua katikati ya nyumba, akaweka ngazi pale, na juu ya ngazi akaweka paa la kioo. Mwanga ukashuka mpaka chini sawa maji ndani ya kisima. Tena hakuficha chuma. Alikikunja sawa kamba za porini zinazopanda miti, na kamba zilezile akazichora kwenye ukuta na kwenye sakafu. Hata vishikio vya milango alivichora mwenyewe. Nyumba ya kwanza ya namna hii, ile ya Tassel, alianza kuijenga mwaka wa 1893. Nyumba ya Horta mwenyewe imekuwa makumbusho tangu 1969, na mwaka wa 2000 UNESCO iliandika nyumba zake ine katika urithi wa dunia.

Moja ya zile ine ni nyumba ya Edmond van Eetvelde. Huyu alikuwa nani? Alikuwa mkubwa wa kazi za Etat Indépendant du Congo, ile serikali ya mfalme Leopold wa Pili iliyotawala inchi yetu toka 1885 mpaka 1908. Ni wakati wa kauchu na pembe za tembo, wakati babu zetu walitozwa kazi kwa fimbo na kwa bunduki. Ndani ya nyumba ile kuko miti ya thamani toka Kongo. Serikali ile iligawia pia wachongaji wa Ubelgiji pembe za tembo, wafanye kazi za sanaa mpya. Basi mistari ile mizuri inayokunjwa sawa mimea, sehemu moja ilikunjwa na akili ya fundi, na sehemu ingine ililipwa na jasho la watu wasiotajwa. Hatusemi nyumba ni mbaya. Ni nzuri sana. Tunasema ulizo la nne haliondoi uzuri wa kitu, na uzuri wa kitu hauondoi ulizo la nne.

SIKU YA PILI: PICHA YA BETHLEHEMU

Siku ya pili tunakwenda makumbusho ya kifalme ya sanaa, karibu na Place Royale. (Angalisho: makumbusho mengi ya Bruxelles yanafungwa Jumatatu.) Mgeni asitake kuona picha zote, macho yatachoka na kichwa hakitashika kitu. Achague chache, asimame sana. Sisi tumechagua moja.

Ilichorwa mwaka wa 1566 na Pieter Bruegel kwa rangi ya mafuta juu ya mbao. Inaonyesha kuhesabiwa kwa watu kule Bethlehemu, habari ya Luka sura ya 2. Lakini ukitazama, unaona kijiji cha Flandre penye majira ya baridi. Theluji imefunika paa. Watoto wanacheza juu ya barafu. Watu wanachinja nguruwe. Wengine wamesongana mlangoni pa nyumba ya wageni, mbele ya mwandishi mwenye daftari, sawa na siku ya kulipa minerval kwetu. Yusufu na Maria wako wapi? Sharti uwatafute. Kuko mwanaume mwenye msumeno begani, anaongoza punda, na juu ya punda mwanamke amejifunika. Hakuna anayewatazama.

Bruegel hakukosa jiografia. Aliwaambia watu wa kijiji chake: kama Bwana angefika leo, angefika hapa kwetu, kwa mkutano wa kodi, na sisi tungekuwa na kazi zetu tu. Picha ile ni mahubiri pasipo sauti. Kama kijana wa shule yetu angechora Bethlehemu yenye nyumba za majani, mihogo juani na askari penye kizuizi cha njia, angekuwa amefanya kazi ileile, na asichekwe.

Sasa tumjibu ndugu yetu wa pili, yule aliyesema Mkristo asiingie penye masanamu. Ulizo lake ni la kweli na la zamani. Mwaka uleule wa 1566, katika inchi ileile, watu wengi wa Matengenezo waliingia makanisa na kuvunja masanamu. Kwetu pia, wakati Injili ilipofika, wazee wengi walileta masanamu yao yachomwe. Hatuwacheki. Walitaka kuacha hofu waliyoishi nayo, na tunajua wengi waliipoteza kweli.

Lakini tufungue Biblia vizuri. Amri ya Kutoka 20 inakataza kuinama na kutumikia sanamu. Katika Kutoka 31, Mungu mwenyewe anamwita Besaleli kwa jina, na kumjaza roho ya ufundi ili achonge mti na kufua zahabu, feza na shaba. Tena 2 Wafalme 18: Hezekia alivunja nyoka wa shaba aliyefanywa na Musa, kwa sababu watu walianza kumfukizia uvumba. Nyoka yule aliponya watu jangwani. Ubaya ulikuja walipomwabudu. Ndani ya makumbusho hakuna mwenye kufukiza uvumba. Kutazama kazi ya fundi na kuuliza jina lake si kuabudu.

Na hii si fikiri ya vijana wa leo tu. Mchungaji William Sheppard, Mmarekani mweusi wa kanisa la Presbyterian, alifika kwenye mji wa mfalme wa Wakuba mwaka wa 1892. Alihubiri Injili, na tena alisifu vitambaa, vikombe na masanduku ya Wakuba, akakusanya mengi. Sehemu kubwa iko Hampton, kule Marekani. Mtu huyohuyo aliandika juu ya mateso ya watu wa Kasai kwa ajili ya kauchu, akashitakiwa, na mwaka wa 1909 baraza la Leopoldville likamwona hana kosa. Mmisionari alithamini mkono wa fundi na mwili wa fundi pamoja. Huo ni mfano mzuri kwetu Waprotestanti.

SIKU YA TATU: TERVUREN

Siku ya mwisho tunapanda tramu namba 44 toka Montgomery. Inapita katikati ya pori mpaka Tervuren. Hapa ndipo foto ya pili ilipopigwa.

Mwaka wa 1897 Leopold alifanya maonyesho ya Kongo kule Tervuren. Watu 267 walitolewa Kongo, wakaonyeshwa kando ya ziwa ndani ya bustani. Saba walikufa kule. Majina yao yanajulikana: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Mgeni wa kwetu aanzie pale, anyamaze kidogo, kisha aende makumbusho.

Jumba lenyewe lilijengwa na Mfaransa Charles Girault na kufunguliwa mwaka wa 1910. Ni jumba la mfalme: mawe, marumaru, paa la mviringo, na alama ya Leopold, herufi L mbili zimepeana mgongo, mahali pengi ukutani. Chini ya paa lile la mviringo kuko masanamu yenye rangi ya zahabu yaliyotaka kusema kwamba Ubelgiji ilileta Kongo ustaarabu. Makumbusho yalifungwa mwisho wa 2013, yakatengenezwa, yakafunguliwa tena Desemba 2018. Masanamu ya zahabu hayakuondolewa, kwa kuwa ni sehemu ya jumba lenyewe linalolindwa na sheria. Basi waliomba wasanii wa Kongo wajibu. Aimé Mpane alichonga kichwa kikubwa cha mti, kikasimama katikati ya chumba kile. Penye chumba cha ukumbusho, ukuta ulikuwa na majina ya Wabelgiji 1508 waliokufa Kongo, na hakuna hata Mkongomani mmoja. Freddy Tsimba hakufuta neno. Aliandika majina ya wafu wetu kwenye vioo vya madirisha, na jua likiwaka, kivuli cha majina yale kinaangukia ukuta wa majina ya wale. Tunaona hakuna jibu la hekima kupita hilo.

Ndani kuko mtumbwi wa Walengola wa urefu wa metre 22 na nusu, umechongwa katika mti mmoja. Mwenye kusema "ni mtumbwi tu" ajaribu kuchonga mmoja usioegemea upande.

Kuko pia kazi ya fundi wa Buli, kule kaskazini ya Katanga: mwanamke mwenye uso mrefu na mikono mirefu, amepiga magoti na kushika bakuli. Kwa miaka mingi watu wa makumbusho waliandika tu "Baluba", kana kwamba kabila zima lilishika kisu kimoja. Kisha Mbelgiji Frans Olbrechts, aliyekuja kuwa mkubwa wa Tervuren, alilinganisha nyuso, vidole na macho ya kazi mbalimbali, akaona mkono uleule. Watu wakaanza kusema "fundi wa Buli". Baadaye watafiti walisikia toka kwa wenyeji jina la Ngongo ya Chintu. Angalieni kazi ya ulizo la pili: kazi ilikuwapo siku zote mbele ya macho, lakini jina karibu lilipotea, kwa kuwa waliochukua vitu hawakuuliza.

Na ulizo la nne? Tutazame sanamu ya Watabwa iliyokuwa ya mkubwa Lusinga, wa milima ya magaribi ya ziwa Tanganyika. Mwezi wa Desemba 1884, watu wa Emile Storms, askari wa Ubelgiji, walishambulia kijiji chake wakamwua. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji. Sanamu ilikwenda vilevile, ikakaa nyumbani kwa Storms, na baadaye ikafika makumbusho. Zamani mgeni alisoma kwenye kioo kwamba ni kazi ya Watabwa, basi. Hakujua kwamba ametazama mateka wa vita. Mwaka wa 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa mahali ilipokuwa katika mji wa Bruxelles.

Si kila kitu kilichukuliwa kwa damu. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine, tuseme kweli, vilitolewa na Wakristo wapya mikononi mwa wamisionari. Wakati wazee walifikiri vimechomwa, vingine vilifungwa sandukuni na kupelekwa Ulaya. Ndiyo sababu kila kimoja kiulizwe habari yake.

Juu ya kurudisha, neno hili halikuanza jana. Mwaka wa 1973 Rais Mobutu alidai vitu vya sanaa mbele ya Umoja wa Mataifa. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114 kwa Zaire. Mwaka wa 2019 makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa Kinshasa, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe alileta pale kinyago kikubwa cha Wasuku, kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Mwaka uleule Ubelgiji ilipiga sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa kwa nguvu. Wengine watauliza: mtu anakopeshwaje kilicho chake? Ulizo hilo tunaliachia club ya mabishano. Ni zuri kwa jioni nzima.

MWISHO WA SOMO

Wa kwanza alisema ni kupoteza feza. Tunajibu: ni kupoteza feza kama unakwenda na simu tu, pasipo maulizo. Wa pili alisema tusitazame. Tunajibu: tusiiname, lakini tutazame. Wa tatu alisema ni zetu. Tunajibu: kama ni zetu, utaje jina la fundi mmoja. Hapo sisi sote tunanyamaza.

Na hapa ndipo somo linatugusa. Wengi wetu hatutafika Bruxelles, ao tutafika tukiwa wazee. Lakini kwenye jikoni za bibi zetu kuko viti, vinu na ngoma. Mlango wa kanisa letu umechongwa vizuri. Ni nani kati yetu anajua ni mkono wa nani? Tunawalaumu wageni wa zamani kwa kuwa hawakuandika majina, na sisi wenye kaye na kalamu hatuandiki pia. Nyuma ya miaka makumi mawili wazee wenye kujua hawatakuwako.

KAZI YA VAKANSE

1. Tafuta nyumbani kitu kimoja kilichofanywa kwa mkono. Andika majibu ya maulizo manne, ukianza na jina la fundi na kijiji chake.
2. Linganisha nyumba ya Horta na madarasa yetu: mwanga unaingia wapi, na ni nini inabeba paa?
3. Soma Kutoka 31 na 2 Wafalme 18. Sababu gani kazi moja ya shaba ilifaa kwanza, kisha ikavunjwa?

Majibu yaletwe kwa wakubwa wa madarasa juma la kwanza la masomo. Majina ya mafundi tutayaandika yote katika gazeti hili, hata kama ni kurasa kumi.

Doyen wa wanafunzi, darasa la sita